Urubani kadeti: kutoka kwa daktari wa macho hadi hati ya nyumba

Tangu nilipopata nafasi katika mpango wa marubani kadeti wa shirika moja la ndege la ukanda huu, ndugu, na marafiki wa ndugu, wamekuwa wakinitumia ujumbe wakiomba nakala ya barua yangu ya maombi, kana kwamba barua hiyo ndiyo iliyonifungulia mlango. Barua yenyewe ni ya ukurasa mmoja na haina la ajabu. Yaliyoamua ni mambo mengine, na lililo zito kuliko yote halikutajwa katika tangazo lolote la nafasi hizi nililowahi kusoma: ni nani atakayesimama kuwa mdhamini wako, na ataweka rehani kitu gani. Nitalifikia hilo, lakini kwa kuwa wengi hukwama mapema zaidi, ni vyema nieleze tangu mwanzo.

Mtu anayetaka kuwa rubani kwa fedha zake hupanda ngazi ambazo viwango vyake vya chini vimewekwa na ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga lililozaliwa na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944. Leseni ya rubani binafsi inataka umri wa miaka 17 na saa 40 za kuruka. Leseni ya rubani wa biashara inataka miaka 18 na saa 200, au saa 150 ikiwa amesoma mfululizo katika kozi iliyoidhinishwa. Na leseni ya juu kabisa, ile ya ukapteni wa ndege kubwa za abiria, inataka miaka 21 na saa 1,500. Kufikia ngazi ya biashara tu, pamoja na kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo na kibali cha ndege za injini mbili, kunaweza kuzidi shilingi milioni 100 za Tanzania bila mwanafunzi kufanya anasa yoyote. Mpango wa kadeti huigeuza safari hiyo: shirika humchagua kijana asiye na hata saa moja ya kuruka, humpeleka shuleni kwa gharama za shirika lenyewe au kwa mkopo, kisha humwajiri kuwa rubani msaidizi.

Wazo hili si geni kwetu. Chuo cha urubani cha Soroti, nchini Uganda, kilianzishwa mwaka 1971 chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, wakati nchi tatu zilipokuwa na shirika moja la ndege, East African Airways, lililokuwapo tangu 1946 hadi lilipovunjika mwaka 1977. Siku hizi kadeti anaweza kujikuta Addis Ababa, Afrika Kusini, au katika mojawapo ya shule zilizojazana katika uwanja wa Wilson jijini Nairobi. Shirika ndilo huchagua shule, kwa hiyo mwombaji hana sababu ya kupoteza usingizi juu ya hilo.

Ushauri wangu wa kwanza kwa kila anayeniuliza ni kwamba aende kwa daktari kabla ya kuandika sentensi moja ya maombi. Sizungumzii daktari yeyote, bali yule aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga kutoa cheti cha afya cha daraja la kwanza, ambacho bila hicho hakuna leseni ya biashara. Cheti hiki hudumu miezi 12 kwa rubani kijana, na hutafutwa upya maisha yote ya kazi. Wengi hukiacha hadi mwisho kwa kuwa kinagharimu fedha na kwa kuwa wanajiona wazima, ilhali kasoro zinazomfungia mtu mlango huu mara nyingi hazina dalili yoyote katika maisha ya kawaida.

Chukulia rangi. Nilikalishwa mbele ya kitabu chenye kurasa za vidoa vya rangi, kila ukurasa ukiwa na duara lililoficha namba ndani yake. Kitabu hicho kilitungwa na daktari wa macho wa Kijapani, Ishihara, na kimetumika tangu mwaka 1917. Ukurasa wa kwanza una namba 12, ambayo kila mtu huiona, hata asiyetofautisha nyekundu na kijani. Kuanzia hapo daktari hufungua haraka haraka, na aliye na upofu wa rangi huanza kusoma namba nyingine kabisa au kukosa kuona chochote. Kijana aliyenitangulia kwenye foleni, mhitimu wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) mwenye alama nzuri kuliko zangu, aligundua siku hiyo kwamba haoni nusu ya kurasa zile. Alikuwa ameishi miaka yote hiyo akivaa, akipika na kuvuka barabara bila shida. Ikiwa mtu hana habari kwa nini jambo dogo namna hiyo linahesabika, akumbuke kwamba kando ya barabara ya kutua ndege kuna taa nne zinazomweleza rubani kama anashuka kwa mteremko unaofaa: mbili nyeupe na mbili nyekundu maana yake yuko sawa, nyeupe zote yuko juu mno, nyekundu zote yuko chini mno. Redio ikizimika, mnara humwonyesha taa ya kijani au nyekundu ili ajue atue au aendelee kuzunguka.

Miwani, kwa upande mwingine, si kizuizi, na napenda kulirudia hili kwa sababu nimekutana na wanafunzi walioacha ndoto yao kidato cha pili baada ya kupewa miwani. Kiwango cha kimataifa kinataka kila jicho lifikie 6/9 (yaani kuona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima huona kwa mita 9) na macho yote mawili kwa pamoja yafikie 6/6, iwe kwa miwani au bila miwani, mradi uwe na jozi ya akiba unapokuwa kazini. Masikio nayo hupimwa ndani ya kibanda kisichopitisha sauti, ambamo unabonyeza kitufe kila unaposikia mlio; katika milio ya kati, upungufu wa usikivu usizidi desibeli 35. Watu wa disko na spika za harusi wajihadhari. Baada ya hapo hufuata kipimo cha umeme wa moyo, damu, mkojo na maswali marefu kuhusu kifafa, kisukari na historia ya akili, ambayo yanapaswa kujibiwa kwa ukweli mtupu, kwani kilichofichwa huja kumfuta mtu kazi akiwa tayari na deni.

Karatasi nyingine hazina ugumu: vyeti vya kidato cha nne na cha sita, hesabu na fizikia zikiwa na alama zinazoeleweka, cheti cha kuzaliwa, pasipoti, na Kiingereza kinachofikia angalau daraja la nne kati ya madaraja sita ya ICAO. Kinachopimwa katika daraja hilo ni kueleweka kwenye redio, kwa hiyo lafudhi ya Tanga au ya Kisumu haina ubaya wowote.

Mtihani wa uwezo ndio uliowatisha wengi tuliokuwa nao chumbani, ingawa mtu anaweza kujiandaa nao zaidi ya watu wanavyodhani. Unakaa mbele ya kompyuta, mkono mmoja ukishika kishikio cha kuongozea na miguu ikiwa juu ya kanyagio, ukitakiwa kuweka alama ndogo katikati ya duara inayokimbia, huku sauti masikioni ikitaja namba ambazo unapaswa kuzijumlisha na taa pembeni ikikudai ubonyeze kitufe kila inapobadilika rangi. Hakuna anayefanya vyote kwa ukamilifu. Mashine inaongeza ugumu kwa makusudi mpaka kitu fulani kikudondoke, na wanachotazama ni kama unaachilia kile kisicho na umuhimu na kushikilia duara, au unaganda. Jambo hilo hilo ndilo mwalimu wa urubani atakalokufundisha baadaye kwa mpangilio maarufu: kwanza rusha ndege, kisha ujue unakwenda wapi, kisha ndipo uongee.

Hesabu za kichwani nilizifanyia mazoezi kwa vitu vya nyumbani. Barabara za viwanja vya ndege hupewa namba kwa uelekeo wake wa dira, tarakimu ya mwisho ikiachwa, na ncha mbili za barabara moja hutofautiana kwa 18. Uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, una 05 na 23. Zanzibar ina 18 na 36. Kilimanjaro ina 09 na 27. Katika mtihani unatajiwa nyuzi 50 na kutakiwa kutoa uelekeo wa kinyume papo hapo; ukijumlisha 200 na kutoa 20 unapata 230 kabla mwenzako hajamaliza kujumlisha 180. Vivyo hivyo kwa kushuka: ukiwa futi 36,000 na unataka kufika futi 6,000, una futi 30,000 za kupoteza, zidisha elfu hizo kwa tatu, basi anza kushuka maili 90 za baharini kabla. Na kasi yako juu ya ardhi ikiwa noti 140, yaani maili 140 za baharini kwa saa, izidishe kwa tano. Futi 700 kwa dakika ndiyo kasi ya kushuka inayokuweka kwenye mteremko wa kawaida wa kutua. Nilikuwa nikizifanya hesabu hizi ndani ya daladala, na abiria wa jirani walinidhania nasali.

Katika usaili niliulizwa swali moja lililonifurahisha, kwa sababu mtu aliyelelewa pwani analijibu bila kitabu: mwezi wa Januari, ndege inayotua Dar es Salaam kwa kawaida itatokea upande gani? Ndege hutua ikiukabili upepo. Januari ni kaskazi, upepo unatoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo barabara itakayotumika ni 05 na ndege itatokea upande wa Pugu. Kule Zanzibar kusi, upepo wa kutoka kusini, ikishika, ndege huelekea kusini na kutumia 18. Wavuvi wa kwetu wanaijua hali ya hewa hii kwa karne nyingi, na sioni kwa nini kijana wa Tanga aingie usaili akidhani elimu ya anga ni ya watu wengine.

Kabla ya usaili huo kulikuwa na zoezi la kundi, na hapa nitasimama kidogo. Tulipewa kazi ya kupanga uokoaji wa watu waliokwama, muda ukiwa mdogo na taarifa zikigawanywa ili kila mmoja awe na kipande chake. Wasimamizi walikaa pembeni wakiandika. Nadhani wengi wetu tuliamini kwamba wanatafuta kiongozi, kwa hiyo vijana wawili wakashindana kwa sauti, wakati msichana mmoja mpole aliyekuwa na kipande kilichoonyesha kwamba daraja limevunjika alinyamaza hadi dakika za mwisho. Ukiifahamu historia ya kazi hii utajua kwa nini wasimamizi walikunja uso. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wenye ukungu wa Tenerife, ndege mbili za Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana na kuua watu 583. Kapteni wa KLM alianza kuruka bila kupewa ruhusa ya kuruka. Mhandisi wa ndege aliyeketi nyuma yake aliuliza kama Pan Am haijaondoka barabarani, akajibiwa kwa uhakika, akanyamaza. Ajali hiyo ni miongoni mwa zilizofanya marubani waanze kufundishwa namna ya kusemezana, mdogo kumhoji mkubwa na mkubwa kusikiliza.

Husemwa mara nyingi kwamba malezi yetu ya kuheshimu wakubwa yanatukwamisha hapo. Mimi sikubaliani nalo. Mtoto aliyelelewa vizuri huku kwetu amefundishwa pia namna ya kumwambia mzee jambo ambalo mzee halioni: hutanguliza samahani, humwita kwa cheo chake, kisha husema jambo lenyewe bila kulizungusha. Namna hiyo ya kusema inafaa sana ndani ya chumba cha rubani, ila sehemu ya tatu isiachwe.

Niliposhinda usaili nilitumiwa rasimu ya mkataba, kurasa nyingi za herufi ndogo, nikaipeleka Tanga kwa baba mdogo, ambaye ni karani mstaafu wa mahakama na husoma karatasi yoyote akiwa na kalamu nyekundu mkononi, hata kadi ya mchango wa harusi. Alisoma siku nzima. Jioni aliniita barazani, akaniuliza, "Mwanangu, hapa umeajiriwa au umekopeshwa?" Nilimjibu kwamba ni vyote viwili, akatikisa kichwa: "Basi tuanze na mkopo, maana ajira ni ahadi, na mkopo una tarehe."

Hivi ndivyo mikataba ya namna hii inavyofanya kazi. Shirika linalipa gharama za mafunzo na kuziandika kama deni lako. Unapoanza kazi, deni hilo hupungua kila mwaka wa utumishi, na ukiondoka kabla ya miaka iliyokubaliwa kwisha, unalipa kilichobaki. Ili kujilinda, shirika hudai mdhamini, na kwetu walidai dhamana ya mali isiyohamishika. Familia yetu ina nyumba moja. Baba alikuwa tayari kutoa hati siku hiyo hiyo, kwa furaha ya mzazi ambaye mtoto wake amechaguliwa. Baba mdogo akamzuia, akageukia mlango wa jikoni na kusema, "Shemeji, njoo uketi hapa, maana bila wewe hakuna kitu." Alikuwa akimaanisha kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambacho kinakataza mwanandoa kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Wapo wakopeshaji wanaolichukulia jambo hili kama saini ya nyongeza tu, na wapo akina mama wengi wanaotia saini hiyo wakiwa wamesimama.

Mama aliketi. Nilitarajia atazungumzia Bukoba, kwa kuwa tangu ajali ile ya Novemba 2022, ndege ilipotumbukia Ziwa Victoria ikiwa karibu kabisa na uwanja na watu 19 wakafa, hajawahi kuniruhusu nimalize sentensi yenye neno rubani. Hakuitaja. Aliuliza mambo matatu, na baba mdogo akayaandika: nikiugua nikiwa shuleni na cheti changu cha afya kikafutwa, deni ni la nani? Nikimaliza masomo na shirika likasema halina nafasi, deni linaanza kuhesabiwa lini? Na nyumba ikikaa rehani miaka yote ya utumishi wangu, mdogo wangu anayetaka mkopo wa duka atakwenda benki na nini?

Swali la pili si la kubuni. Mwaka 2020, ndege zilipoegeshwa dunia nzima kwa sababu ya ugonjwa wa Uviko, mashirika mengi yalisimamisha mipango ya kadeti, na wanafunzi walibaki na leseni zisizo na kazi na madeni yasiyosimama. Mkataba unaosema kwamba deni linaanza kulipwa tarehe fulani, badala ya kusema kwamba linaanza kulipwa baada ya kuajiriwa, ni mkataba wa hatari, na tofauti hiyo inaweza kufichika katika mstari mmoja.

Tuliandika barua pepe kwa ofisi ya mafunzo, kwa lugha ya heshima, tukiuliza yote. Niseme kwamba niliogopa. Nilidhani mwombaji anayeuliza maswali atapewa nafasi yake mtu mwingine. Haikuwa hivyo. Walijibu kwamba aliyepoteza cheti cha afya bila kosa lake atafidiwa na bima ya kupoteza leseni, ambayo shirika hukata kwa kila mwanafunzi, na walikubali kuiandika bima hiyo ndani ya mkataba ambako awali haikuwamo. Walikubali pia kwamba marejesho yaanze baada ya kuajiriwa. Kuhusu nyumba, walisema kwamba badala ya hati wanaweza kupokea wadhamini wawili wenye ajira ya kudumu serikalini. Chaguo hilo lilikuwapo siku zote. Halikuandikwa popote kwa sababu hakuna aliyeuliza. Mama mkubwa, ambaye ni muuguzi, na binamu yangu mwalimu wa sekondari walitia saini mbele ya wakili, na hati ikarudi kabatini.

Jambo moja walilikataa katakata. Deni limeandikwa kwa dola za Marekani, kwa kuwa shule inalipwa kwa dola, lakini mshahara wa rubani msaidizi utalipwa kwa shilingi, kwa hiyo kila shilingi inapoporomoka deni langu linanenepa bila mimi kufanya lolote. Baba mdogo alinishauri niombe kiwango cha kubadilishia fedha kifungwe siku ya kutia saini. Walijibu kwamba hawafanyi hivyo kwa yeyote. Tulipiga hesabu ya shilingi ikishuka vibaya, tukaona kwamba hata hivyo marejesho yangebaki chini ya theluthi ya mshahara, nami nikatia saini.